Saa Zilezile, Mishahara Miwili: Uchambuzi wa Kisa cha Tabibu wa Kaunti

Mipaka ya kisa

Kisa hiki, cha mtumishi wa afya aliyelipwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, kilitokea katika kaunti moja ya magharibi mwa Kenya. Majina ya kaunti, hospitali, mradi na watu wote yameondolewa, na mishahara imewekwa kwa wastani ili isimtambulishe mtu. Mhusika mkuu ni tabibu (clinical officer) tunayemwita Tabibu A, na aliyemshikia zamu mara nyingi zaidi tunamwita Kijana B. Walengwa wa uchambuzi huu ni maafisa wa rasilimali watu, wasimamizi wa hospitali na wanachama wa bodi za utumishi wa umma za kaunti, kwa kuwa wao ndio huletewa faili ya namna hii mezani bila kujua waanzie wapi.

Katika kesi za ajira mbili, mishahara miwili huonekana upesi, na ofisi nyingi hudhani kazi imekwisha hapo. Kinachoamua kesi ni saa: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na mgonjwa alihudumiwa na nani.

Usuli

Tabibu A aliajiriwa na kaunti kwa masharti ya kudumu na pensheni, katika hospitali ya kiwango cha 4. Kazi yake ilikuwa ile ya matabibu wengi nchini: kuona wagonjwa wa nje, kuandika vipimo na dawa, kulaza wanaohitaji kulazwa, na usiku kuwa ndiye mkubwa wa zamu ambaye wagonjwa humwita daktari. Mshahara wake na marupurupu ulikuwa wastani wa Sh92,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Oktoba 1, 2022, siku ambayo mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza, alitia saini mkataba na mradi wa kudhibiti HIV uliokuwa na ofisi Kisumu na kufadhiliwa na Marekani. Ulikuwa mkataba wa muda wote, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa Sh118,000. Kutoka hospitali hadi ofisi za mradi ni mwendo wa saa moja na ushei kwa matatu.

Hakuacha kazi ya kaunti wala hakuomba likizo bila malipo. Hakumweleza mwajiri yeyote kuhusu mwingine. Hali hiyo ilidumu miezi 28.

Ilivyowezekana

Kuna matundu manne yaliyoachwa wazi.

La kwanza ni orodha ya mishahara yenyewe. Mfumo wa IPPD, yaani hifadhidata ya mishahara na watumishi, ambao kaunti nyingi zimeutumia hulipa mpaka mtu auzuie. Hauulizi kila mwezi kama mfanyakazi alifika kazini. Jina likishaingia, mshahara hutoka hadi pale afisa atakapoingiza amri ya kuusimamisha. Tena kila kaunti ilikuwa na hifadhidata yake, na mradi wa wafadhili hauko humo kabisa. Nambari moja ya kitambulisho inaweza kulipwa sehemu mbili na mifumo yote miwili ikaona kila kitu kiko sawa.

La pili ni ratiba ya zamu. Hospitali hii ilikuwa na zamu tatu: asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tisa, jioni kuanzia saa tisa hadi saa tatu usiku, na usiku kuanzia saa tatu hadi saa mbili asubuhi. Kila tabibu alipangiwa zamu 20 kwa mwezi. Aliyeipanga ratiba alikuwa tabibu mkuu wa hospitali, aliyeidhinisha mabadiliko ni yeye, na aliyetunza daftari la mahudhurio ni yeye. Hakuna nakala iliyokwenda makao makuu ya kaunti. Mwanzoni alimpangia A zamu za usiku na za wikendi kwa sababu A aliziomba, na wenzake walifurahi kuondolewa mzigo huo. Kufikia katikati ya 2023 matabibu wawili walikuwa wamehama, zamu za mchana zikarudi kwa A, naye mchana alikuwa Kisumu.

La tatu ni mradi. Ulimtaka A alete PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), nambari za NSSF (hifadhi ya jamii) na NHIF (bima ya afya ya wakati huo), vyeti na leseni. Haukumtaka alete barua ya kuachiliwa kutoka kwa mwajiri wa awali, ingawa wasifu wake ulitaja hospitali hiyo na kuandika kwamba yuko hapo "hadi sasa".

La nne ni kodi, na hili watu wengi hawalijui. Kila mwajiri hukata PAYE, yaani kodi ya mshahara, kana kwamba yeye ndiye mwajiri pekee. Kila mmoja hutoza Sh24,000 za kwanza kwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, kisha asilimia 30, halafu hutoa nafuu ya Sh2,400. Mwenye waajiri wawili hupata ngazi za chini mara mbili na nafuu mara mbili. Mshahara wa pili ulipaswa kutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Tofauti ni Sh4,800 kwenye ngazi ya kwanza, takriban Sh417 kwenye ya pili, na Sh2,400 za nafuu: jumla karibu Sh7,617 kila mwezi. Kwa miezi 28 hiyo ni zaidi ya Sh213,000. Mfanyakazi ndiye anayetakiwa kujumlisha fomu zote za P9, ambazo kila mwajiri humpa kuonyesha mshahara na kodi ya mwaka, anapowasilisha ripoti ya kodi kufikia Juni 30. A aliwasilisha P9 moja tu kila mwaka. KRA ilikuwa na taarifa za waajiri wote wawili, lakini siri ya mlipakodi inalindwa kisheria, na hakuna mwajiri anayepigiwa simu kuambiwa mtu wake analipwa kwingine.

Jinsi jambo lilivyojitokeza

Mwishoni mwa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na miradi mingi ya HIV ikafungwa ndani ya siku chache. Kaunti ziliombwa zione kama zinaweza kuwachukua baadhi ya wahudumu waliobaki bila kazi. Mradi ulioko Kisumu ulituma orodha ya watu wake: jina, kada, nambari ya kitambulisho, nambari ya leseni.

Afisa wa rasilimali watu wa kaunti alifanya jambo dogo lililozaa kesi nzima. Alinakili safu ya nambari za vitambulisho kutoka orodha ya mradi, akaiweka kando ya orodha ya mishahara ya kaunti, akaiambia lahajedwali imwonyeshe zinazojirudia. Zikatokea tatu.

Asubuhi hiyohiyo kulikuwa na mtu katika ofisi aliyetaka barua tatu ziandikwe. Afisa alikataa, na hapo aliokoa watu wawili. Wa kwanza alikuwa muuguzi aliyepewa likizo bila malipo kwa barua halali, na mshahara wake ulikuwa umezimwa tangu mwezi wa kwanza wa likizo. Jina lilibaki kwenye orodha kwa sababu ajira yake ilikuwa hai. Wa pili alikuwa mtu mwingine kabisa: mradi ulikosea tarakimu mbili za kitambulisho, na nambari ikaangukia mhudumu wa maabara ambaye hajawahi kufanya kazi Kisumu. Wa tatu alikuwa Tabibu A.

Kufanana kwa nambari ni sababu ya kufungua faili na kuangalia mambo matatu: hali ya mshahara mwezi kwa mwezi, barua zozote za likizo au kuazimwa, na nambari ya leseni. Mambo hayo yakilingana, ndipo kuna kesi.

Kosa la siku ya tatu

Siku ya tatu mkuu wa idara ya afya alitia saini barua ya kumtaka A ajieleze ndani ya siku 14, na nakala ikatumwa hospitali kupitia kwa tabibu mkuu. Kufikia wakati huo hakuna aliyekuwa amekwenda hospitali kuchukua hata karatasi moja.

Maafisa walipofika wiki iliyofuata, ratiba za miezi mitano hazikuwepo kwenye faili la ratiba. Daftari la mahudhurio lilikuwepo, lakini kurasa kadhaa zilikuwa na saini za A za wiki nzima kwa kalamu moja, wino wa aina moja, mkono haujainuka. Mtu anayetia saini siku kwa siku huacha alama tofauti: leo kalamu nyeusi, kesho ya bluu, kesho kutwa saini imebanwa kwa sababu mstari umejaa. Hizi zilikuwa kama zimechapwa.

Ratiba zilizopotea zilipatikana mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuzificha. Kila mwisho wa mwezi, ratiba inapobandikwa ubaoni, wahudumu huipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la idara. Muuguzi mmoja alikuwa na picha zote tano, kila moja na tarehe yake. Zilichapishwa, na kwa ushauri wa wakili wa kaunti zikaambatanishwa na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bodi haikukihitaji, lakini mahakama ingekihitaji.

Kuzihesabu saa

Hii ndiyo sehemu iliyofanywa vizuri kuliko zote, na ilichukua wiki sita za watu wawili.

Walitengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila zamu aliyopangiwa A katika miezi 28: mistari 560. Safu ya kwanza ilionyesha zamu kwa mujibu wa ratiba. Ya pili ilionyesha mradi unasema A alikuwa wapi siku hiyo. Ya tatu ilikuwa ya alama alizoacha hospitalini.

Safu ya pili ilikawia. Wafanyakazi wa miradi inayofadhiliwa na Marekani hujaza fomu za saa za kazi, na fomu hizo ndizo ushahidi bora kupatikana, kwa sababu mfanyakazi mwenyewe ametia saini kwamba siku fulani alifanya saa nane. Mradi ulikataa kuzitoa, ukitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Barua ya kwanza ya kaunti ilikuwa imeomba "taarifa zote kuhusu mfanyakazi huyu", na ombi pana hivyo lilistahili kukataliwa. Barua ya pili iliomba kitu kimoja, fomu za saa kati ya tarehe mbili, ikaeleza sababu na kutaja mamlaka ya kisheria. Zilitolewa baada ya siku 11.

Safu ya tatu ilihitaji kanuni. Muhuri wa A haukuhesabiwa, kwa sababu ilibainika kwamba uliachwa kwenye droo ya chumba cha matibabu na kila aliyekaa hapo aliutumia. Zamu ilihesabiwa kuwa ameifanya iwapo kulikuwa na angalau alama mbili kati ya hizi: saini yake kwenye kitabu cha makabidhiano, mwandiko wake kwenye fomu za kuomba vipimo vya maabara, mwandiko wake kwenye maelezo ya kulaza mgonjwa, au saini yake kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa kama mofini.

Chukua Jumanne moja ya Machi 2024. Ratiba inasema A yuko zamu ya asubuhi. Fomu ya mradi inasema saa nane za kazi, ikiwemo ziara kwenye zahanati moja ya Siaya. Maabara ya hospitali ina fomu 19 za siku hiyo zenye muhuri wa A. Mwandiko ni wa mviringo na umelalia kushoto. Wa A ni wa kusimama na herufi zake hazishikani. Kitabu cha makabidhiano cha saa tisa kimetiwa saini na mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wa hospitali.

Mtu huyo ni Kijana B. Alikuwa amehitimu diploma ya utabibu, akamaliza mafunzo ya kazi na kupata leseni, na tangu hapo alikuwa akitafuta ajira. A alimlipa Sh1,500 kwa zamu kupitia M-Pesa. B alipoitwa alikuja na taarifa yake ya M-Pesa ya kipindi chote, bila kulazimishwa, na maelezo yake yalikuwa mafupi: "Daktari aliniambia hospitali inajua. Nilikuwa nafika mapema."

Jedwali lilipokamilika, mistari 560 iligawanyika hivi. A alifanya zamu 231 mwenyewe, nyingi za usiku na wikendi. B alifanya 190. Matabibu wenzake wa hospitali walimshikia 57 kwa malipo hayohayo. Zamu 82 hazikufanywa na mtu yeyote.

Hizo 82 ndizo zinazouma. Kitabu cha makabidhiano cha usiku mmoja kina mwandiko wa muuguzi: "Tabibu hayupo, simu haishikwi. Mtoto wa homa kali ameelekezwa hospitali ya rufaa." Hakuna maelezo ya mtoto alifikaje huko usiku, wala kwa nauli ya nani. Katika siku nyingine maandishi ni maneno mawili tu: "Tabibu hayupo."

Maamuzi ya bodi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzima mshahara wote mara moja. Ulidumu miezi miwili kabla ya wakili wa kaunti kuukosoa. Mwongozo wa rasilimali watu unaruhusu kumsimamisha mtumishi kazi kwa muda (interdiction) kwa nusu ya mshahara wa msingi huku posho ya nyumba ikiendelea, wakati uchunguzi unafanyika. Kuzima kila kitu kabla ya kumsikiliza ni kumwadhibu kabla ya hukumu. Kaunti ililazimika kumlipa malimbikizo ya miezi hiyo miwili.

Uamuzi wa pili ulihusu msingi wa shtaka. Barua ya kwanza ilitaja Kifungu cha 77 cha Katiba peke yake. Wakili wa A alijibu kwa mistari minne: kifungu hicho kinamzungumzia afisa wa serikali wa muda wote, yaani watu kama gavana, jaji na mwakilishi wa wadi, na mteja wake ni mtumishi wa umma wa kawaida. Alikuwa sahihi kuhusu barua hiyo, na ofisi nyingi hukosea papo hapo. Njia sahihi hupitia Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012. Kifungu cha 26 kinakataza kazi nyingine ya malipo, na kifungu cha 52 kinapanua masharti hayo yawafikie watumishi wote wa umma.

Lakini lazima kifungu cha 26 kisomwe hadi mwisho. Kinafafanua kazi inayokatazwa kuwa ile ambayo kwa asili yake haipatani na majukumu ya ofisi, au inayoathiri uamuzi wa afisa, au inayoleta mgongano wa maslahi. Mwalimu anayefuga kuku Nakuru hajavunja sheria kwa kuuza mayai. Tabibu aliyepangiwa zamu ya saa mbili asubuhi hospitalini huku ametia saini kwamba saa mbili asubuhi yuko Kisumu, kazi zake mbili hazipatani kwa namna yoyote. Kwa hiyo jedwali la mistari 560 lilikuwa ndilo shtaka lenyewe. Barua ya pili iliandikwa upya juu ya msingi huo, pamoja na kanuni za maadili na sharti la mkataba la kufanya kazi muda wote. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, iliyotajwa pia katika barua hiyo, imeshaondolewa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 30, 2025. Anayeandika barua leo asinakili ya jana.

Kikao cha kwanza cha nidhamu kiliharibika. A aliomba awe na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi cha matabibu. Mwenyekiti alisema hicho ni kikao cha ndani na hakuna haja. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na kusikilizwa akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Kumfuta bila hatua hiyo, hata akiwa na hatia iliyo wazi, kunaweza kuamuliwa kuwa si haki, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Hesabu ni rahisi: 12 mara Sh92,000 ni Sh1,104,000. Kaunti ingejikuta inamlipa A karibu kiasi kilekile inachomdai.

Bodi ilikubali kufuta kikao hicho na kuanza upya. Uamuzi huo haukupendwa na wengi, na kwa maoni yetu ndio uliookoa kesi. Katika kikao cha pili A alikuwa na mwakilishi, na nakala za jedwali lote alizipata siku kumi kabla. Hakupinga mistari yenyewe. Alipinga deni.

Deni: shilingi ngapi?

Palikuwa na hesabu tatu mezani.

Idara ya afya ilitaka mshahara wote wa miezi 28, Sh2,576,000. Hoja hii haisimami, kwa kuwa zamu 231 zilifanywa na wagonjwa wakaonwa. Serikali haiwezi kupokea kazi kisha ikadai ujira wake.

Wakili wa A alikubali zamu 82 pekee, akisema nyingine zote kaunti ilipata huduma. Kila zamu ikithaminiwa Sh4,600, yaani Sh92,000 kugawanywa kwa 20, hizo ni Sh377,200.

Bodi ilishikilia zamu zote 329 ambazo A hakuzifanya: Sh1,513,400. Sababu yake ni kwamba mkataba wa ajira ni wa mtu binafsi. Kaunti ilimpima A, ikaangalia leseni ya A, ikamwajiri A. Haikumwajiri B, haikujua yupo, na kama B angemdhuru mgonjwa chini ya muhuri wa mwingine, hakuna aliyejua nani angebeba lawama. A alipokea Sh4,600 kwa zamu, akampa B Sh1,500, akabaki na Sh3,100 kwa kazi ambayo kijana asiye na ajira ndiye aliyeifanya.

Tunakubaliana na bodi kuhusu zamu 190 za B. Kuhusu zile 57 za wenzake, bodi ilikaza mno. Wahudumu wa afya hushikiana zamu kila siku, na tabibu mkuu alikuwa ameziandika kwenye ratiba. Walioshika walikuwa wafanyakazi halali wa hospitali hiyohiyo. Pesa walizopewa chini kwa chini ni kosa la nidhamu, ila si hasara ya kaunti. Mwishowe majadiliano yaliziondoa. Zikabaki zamu 272, Sh1,251,200.

Saa ambazo A aliondoka mapema kwenye zamu za usiku ili awahi Kisumu hazikudaiwa. Kila mtu alijua hakuweza kukaa hadi saa mbili asubuhi na papo hapo awe ofisini Kisumu, lakini hakuna kitabu kilichoandika saa ya kuondoka, na bodi ilikataa kukisia. Hilo ni sawa, ingawa inahuzunisha kufikiria mtu aliyekesha akiandikia wagonjwa dawa wiki baada ya wiki.

Matokeo

A alifutwa kazi. Alikuwa na siku 90 za kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na hakukata. Alitia saini makubaliano ya kulipa Sh39,100 kwa miezi 32. Suala la kodi liliachiwa yeye na KRA.

Tabibu mkuu alipewa onyo la mwisho na kuhamishwa. Hapa adhabu ni ndogo kuliko kosa. Ratiba zilipotea mikononi mwake, saini za wiki nzima zilipita mbele yake, na bila yeye mpango wa A usingedumu hata miezi mitatu. Bodi ilijitetea kwamba haikupata ushahidi kuwa alilipwa. Haikuwa imeutafuta, hakuna aliyemwomba taarifa zake za M-Pesa kama B alivyozitoa kwa hiari.

Faili lilipelekwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Mtu akishtakiwa na kupatikana na hatia ya kujipatia mali ya umma isivyo halali chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, adhabu ni faini isiyozidi Sh1 milioni au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, pamoja na faini ya lazima ya mara mbili ya faida aliyoipata. Kulipa deni kwa makubaliano na mwajiri hakufuti uwezekano huo, na A alielezwa hivyo kwa maandishi kabla ya kutia saini.

Kilichobadilishwa ofisini

Mfuatano sasa umegeuzwa: karatasi kwanza, barua baadaye. Nambari zikilingana, maafisa wawili huenda kituoni siku hiyohiyo bila kutangaza, hunakili ratiba, vitabu vya makabidhiano na daftari la mahudhurio, na hutia saini orodha ya walichochukua mbele ya msimamizi.

Ratiba ya kila mwezi hutiwa saini na watu wawili, na nakala hufika makao makuu kabla ya mwezi kuanza. Ikibadilishwa, mabadiliko huandikwa kwa jina la anayeshika zamu. Muhuri hubebwa na mwenyewe. Ukipatikana kwenye droo, huchukuliwa na mwenyewe huitwa kuufuata. Tabibu mpya haajiriwi bila barua ya kuachiliwa au uthibitisho kwamba mshahara wa kwingine umezimwa, na kaunti imeiandikia miradi inayofanya kazi katika vituo vyake ikiiomba ifanye vivyo hivyo.

Kuhusu mtumishi ambaye sasa yuko katika hali aliyokuwa nayo A, afisa akiulizwa faraghani anaweza kumweleza njia zilizopo. Anaweza kuacha kazi moja kwa notisi inayotakiwa na mkataba, au kuomba likizo bila malipo na asianze kazi ya pili kabla ya barua kutoka na mshahara kuzimwa. Mshahara uliokwisha kuingia kwa zamu ambazo hakuzifanya aurudishe kwa maandishi na kupata risiti, kabla hajaandikiwa. Na ripoti za kodi zilizopita zinaweza kurekebishwa kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa kuongeza P9 iliyoachwa; riba ya asilimia 1 kwa mwezi huendelea kuhesabika kadiri anavyochelewa.

Nafasi ya A ilitangazwa. Kijana B aliomba, na mjadala wa kama jina lake liingie kwenye orodha ya watakaohojiwa ulichukua nusu siku. Aliyempinga alisema alitibu watu chini ya muhuri usio wake. Aliyemtetea alisema alifanya zamu 190 na katika vitabu vyote vya makabidhiano hakuna hata moja aliyochelewa. Bodi iliandikia baraza linalosajili matabibu kuomba mwongozo, na kufikia wakati wa kuandika haya jibu halijafika.